Kongo Haionekani Leo

Wa Mpanda mjini, wa Inyonga, wa Majimoto, wa Sitalike, wa Katumba na Mishamo, na nyinyi wa mwambao kule Karema na Ikola ambao redio yenu huanza kukwaruza kila ninapofika penye utamu, karibuni tukae. Leo sina bei ya mahindi wala habari ya mbolea. Nina neno moja tu, tena la kila siku: ukungu.

Mwezi uliopita niliteremka Ikola kumsalimia baba mdogo. Ni mzee wa nyavu. Miguu yake imeacha kazi ya usiku miaka kadhaa sasa, lakini mikono haijapata habari za kustaafu. Ukimkuta barazani yupo na sindano ya plastiki na uzi, anaziba matundu ya wavu wa watu wengine. Redio imetundikwa kwenye msumari wa mlango. Ikafika taarifa ya hali ya hewa, tukatulia kusubiri zamu yetu: mikoa ya Kigoma, Katavi na Tabora, mawingu kiasi, vipindi vya jua, na ukungu katika baadhi ya maeneo.

Baba mdogo hakuinua kichwa. Akauliza, "Upi?"

Nikadhani hakusikia vizuri. "Ukungu, baba."

"Ukungu nimeusikia. Nauliza upi."

Swali hilo limenisumbua toka siku ile. Mtabiri simlaumu, yeye ana dakika tatu za kuzunguka nchi nzima. Kwa wanaohudumia ndege na meli, ukungu una kipimo chake duniani kote: ukishindwa kuona zaidi ya mita 1,000, huo ni ukungu kamili, ukiona kupita hapo, ni ukungu mwepesi tu. Kinachopimwa ni umbali wa macho. Baba mdogo yeye hapimi umbali. Anapima saa. Anataka kujua kitu hicho kimetoka wapi na kitaondoka saa ngapi, maana hapo ndipo ilipo tofauti kati ya kusubiri kidogo, kurudi mbio, au kuahirisha safari mpaka mwezi mwingine.

Tuanze na ule wa kusubiri kidogo. Ukiamka Ikola alfajiri, hasa miezi ya Juni na Julai ya baridi, utakuta ziwa limelala shwari na juu yake kuna kitu cheupe kimesimama, kimo chake kiunoni mwa mtu. Wavuvi wanaorudi na dagaa huwaoni na mitumbwi yao. Unaona viwiliwili vinateleza juu ya pamba, mmoja amesimama, mwingine ameinama, na sauti ya kasia inatoka mahali pasipo na kasia. Taa za usiku bado zinawaka. Zamani karabai, siku hizi za sola, na kila taa imevaa duara la maziwa. Saa mbili asubuhi jua likishachomoza juu ya milima ya nyuma yetu, kitu chote hicho kimekwenda.

Kinatokana na nini? Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal ya Urusi, na maji mengi namna hiyo hayapoi kwa usiku mmoja. Milimani lakini usiku ni baridi. Hewa hiyo ya baridi ni nzito, inateremka mabondeni taratibu kama mbuzi wanaorudi zizini, inafika majini ambako kuna uvuguvugu, na ziwa linafuka. Sufuria ya chai ukiiepua na kuitoa nje asubuhi utaona hayohayo.

Baba mdogo huo hauiti ukungu. "Huo ni umande tu," anasema, kama mtu anayemtaja mtoto wa jirani.

Hapo niliporudi Mpanda nikafungua vitabu, na nikakuta jambo la kufurahisha. Kamusi zinalipa neno umande maana tatu. Ya kwanza tunaijua sote, yale matone ya majanini yanayolowesha suruali ya mwanafunzi. Ndiyo maana asiyesoma tunasema alikimbia umande. Ya pili ni mvuke wa asubuhi, kaukungu kepesi. Ya tatu inatoka kwa mabaharia wa Unguja na Mrima: umande ni upepo. Ni ule upepo mwanana unaotoka bara kuelekea baharini alfajiri, unaosukuma ngalawa nje bila jasho. Kwa hiyo wakati sisi wa bara tunawalaumu watu kwa kuukimbia umande, nahodha wa pwani alikuwa anarauka kuufukuzia.

Mwenye kamusi kaziandika maana tatu, na nambari kaweka. Lakini kaa ufukweni Ikola asubuhi moja utaona ni kitu kimoja. Hewa ya baridi inateremka: ikipita majanini inaacha matone, ikigusa maji inafuka, ikiendelea mbele inasukuma mtumbwi. Umande ni jina la saa ile. Waliolitunga hawakuwa wamechanganyikiwa hata kidogo.

Unaweza kuuliza, kama Waswahili ni watu wa bahari toka enzi, mbona majina ya ukungu ni ya kuhesabu vidoleni? Ya upepo hayana mwisho: kusi, kaskazi, matlai, demani, na kule Ziwa Nyasa wana mwera wao. Ukungu je? Nadhani jibu ni kwamba mtu hukipa jina kinachoweza kumuua. Pwani ya mashariki ya Uskoti wana neno lao, haar, na majirani zao wa kaskazini mashariki ya England kitu hichohicho wanakiita fret. Kule mambo ni kinyume cha kwetu. Maji ndiyo ya baridi, hewa ya vuguvugu inapita juu yake, na ukungu unaozaliwa hapo unaweza kukaa kutwa nzima, siku ya pili, ya tatu, meli zinapiga honi gizani mchana. Ukungu wa hivyo utakosa jina? Wa kwetu unakufa saa mbili. Bahari ya Hindi pwani yetu ina joto, ukungu mzito wa baharini haupati mahali pa kuzaliwa, na aliyezama alizamishwa na upepo.

Lakini upepo wetu huohuo ukifika mbali huwa ukungu. Kusi linalovuma pwani yetu likishapinda na kufika Dhofar, kusini mwa Oman, kati ya Juni na Septemba, linasukuma maji ya juu na kuyaacha ya chini, ya baridi, yapande. Hewa yenye unyevu ikipita juu yake inapoa, inagonga milima ya Salalah, na nchi ya jangwa inageuka kijani ndani ya wingu. Wenyewe wanaita kharif. Ndugu zetu wa Muscat wanaoongea Kiswahili, joto likiwazidi huko, hufunga safari ya kwenda Salalah kusimama kwenye manyunyu tu, wapigwe na ubaridi. Fikiria mtu anasafiri mamia ya kilomita kwenda kulowa! Mwambie hilo mama wa Mwese anayetoka shambani mwezi wa pili.

Kutoka huko Arabuni tumepokea maneno mawili yanayohusu mambo haya. Shemali kwanza. Asili yake ni kaskazini, na upepo wa kaskazini. Lakini katika Kiswahili likabeba pia maana ya ukungu. Halipotei njia hapo. Upepo wa shemali kule Ghuba hubeba vumbi la jangwa na kufunika anga, na nahodha asiyeona mbele hana haja ya kujua kama kilichomziba ni matone au mchanga. Pili ghubari. Kwa Waarabu ni vumbi, kwetu likawa wingu zito la mvua. Vumbi na wingu vinabadilishana nguo.

Na hili si la Waarabu peke yao, msikilizaji, nyumbani mwetu lipo. Mzizi wa ukungu ni kungu, na mzizi huo umetembea. Mzulu wa Afrika Kusini ukungu anauita inkungu. Wa Malawi anasema nkhungu. Sasa panda baiskeli uende Katumba, waulize wenzetu ambao wazee wao walikuja toka Burundi baada ya mwaka 1972, vumbi wanaliitaje kwa Kirundi. Watakwambia umukungugu. Mkikuyu wa Kenya vumbi lake ni rũkũngũ. Mzizi uleule, huku unyevu, kule ukavu. Wahenga wetu walitazama kinachofunika njia wakakiita kungu, mambo ya maji au udongo yakaachwa kwa watakaokuja kupima.

Malawi walienda mbele zaidi. Juu ya Ziwa Nyasa kuna visubi wadogo sana wanaozaliwa majini kwa mabilioni na kupanda angani kama nguzo za moshi, ukiwa mbali utasema ziwa linaungua. Nguzo hizo nazo ni nkhungu. David Livingstone alizikuta alipopita huko miaka ya 1860, akashangaa kuona watu wanawakusanya wadudu hao na kuwafinyanga mikate, na jina la mkate ni hilohilo, kungu. Ukungu unaoliwa. Sijaonja. Mwenzangu mmoja aliyeonja anasema ni kama dagaa aliyesagwa na chumvi kidogo, nami namwamini nusu.

Kwetu ukungu hula chakula, hauliwi. Nenda mwaloni Karema uwaone kina mama wanaoanika dagaa. Wao wana ugomvi na umande kuliko mvuvi yeyote. Dagaa wakipata jua la kutwa moja wanakauka, wanalia ukiwakoroga, unaweza kuwafunga gunia wakafika Mpanda wazima. Asubuhi ikikawia kufunguka, jua likachelewa saa mbili tatu, jioni samaki bado ana ulaini ndani. Kwa macho humjui. Mama mzoefu anachukua mmoja, anamvunja mgongoni karibu na sikio lake: akikatika kwa sauti, sawa, akipinda kimya, anamrudisha chanjani. Asiyefanya hivyo, baada ya siku nne akifungua gunia anakuta manyoya meupe. Hayo nayo tunayaita ukungu. Gunia limeota ukungu! Nimesikia watu wakisema ni bahati mbaya ya lugha kuwa na neno moja kwa vitu viwili. Mama yule ataona ajabu gani? Kwake ule wa nje ndiye mzazi wa huu wa ndani.

Ukungu wa kurudi mbio nitausema kwa haraka, maana nao huja kwa haraka. Msimu wa mvua, Novemba mpaka Aprili, unaona upande wa Kongo ukuta wa kijivu umesimama toka angani hadi majini na unatembea. Mgeni atasema ukungu. Ni mvua yenyewe, na mbele yake kuna upepo. Wavuvi hawapotezi muda kuutafutia jina, wanasema tu kumefunga, na mtumbwi unageuzwa.

Na tuangalie hicho kitenzi. Nimekaa nikagundua kwamba tukilaumu uchache wa majina tunatazama mahali pasipo. Kiswahili utajiri wake hakikuuweka kwenye jina, kimeuweka kwenye kitendo. Ukungu unatanda, na hapo umeenea taratibu bila kishindo. Ukishuka, umetoka mlimani, tazama juu. Umefunga, hakuna njia. Unainuka, subiri kidogo, anza kukunja kamba. Ukiyeyuka, twende. Mtu wa Ikola akikupigia simu akasema "umetanda lakini unainuka," amekupa taarifa nzima ya hali ya hewa kwa maneno matatu, pamoja na saa ya kuondoka.

Wa kuahirisha mpaka mwezi mwingine ndio uliomfanya baba mdogo aulize "upi?" siku ile. Ukungu mkubwa kuliko wote Katavi hauna tone la maji ndani yake. Ni moshi. Kuanzia Juni nyasi zikikauka, moto unaanza: wa kusafisha mashamba, wa kuotesha majani ya ng'ombe, wa warina asali wasiozima vienge vyao, na hata ule wa hifadhini unaowashwa mapema kwa makusudi ili mkali usije baadaye. Miombo yetu ni mikubwa, na ya Kongo na Zambia iko jirani. Ziwa lenyewe limelala ndani ya bonde la ufa, milima huku, milima kule, kama uji ndani ya bakuli, na moshi ukishaingia hauna pa kutokea. Ifikapo Agosti na Septemba jua linazama jekundu likiwa bado juu, halifiki majini. Linafifia tu kama kaa la moto lililomwagiwa majivu.

Miezi hiyo milima ya Kongo inatoweka. Watu wa mwambao wetu hutazama magharibi kila asubuhi kama wewe unavyotazama saa ukutani. Anga ikiwa safi wanasema, "Kongo inaonekana leo." Ikiwa sivyo, "Kongo haionekani leo," na kila mtu anajua maana yake: usiende mbali na mwambao, maana ukigeuka na mlima wa nyumbani nao hutauona.

Kwa kuwa tuko hapo, niwakumbushe kisa cha tarehe 13 Februari 1858. Waingereza wawili, Burton na Speke, wamefika juu ya vilima vya Ujiji baada ya miezi ya kutembea toka pwani. Burton akaona mstari wa mng'ao chini, hakuujua. Aliyemwambia kwamba yale ni maji alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mdogo akafika mpaka India. Speke yeye macho yalikuwa yameugua njiani. Alifika kwenye ziwa alilolitafuta toka pwani, na akaona ukungu na mwako wa jua tu. Vitabu vinamhurumia, nami namhurumia. Lakini jambo moja wasimuliaji hawalitaji: walifika Februari, mvua zimeosha anga, na Burton aliweza kusimulia mpaka milima ya ng'ambo. Wangechelewa mpaka Agosti, mwenye macho mazima na mwenye macho mabovu wangeona sawasawa.

Mimi mwenyewe nilishaonjeshwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule, najiona mtu wa ziwa kwa sababu tu nimezaliwa karibu nalo. Nikaazima mtumbwi wa jirani niende Karema kwa njia ya maji. Julai, alfajiri, umande juu ya maji na moshi juu ya umande. Nikasema nitafuata mwambao. Ndani ya nusu saa mwambao haukuwepo. Kulikuwa na weupe kila upande, na jua likawa duara la rangi ya chungwa lisilo na upande. Nikapiga kasia kwa nguvu. Kosa hilo. Kila mtu anayepiga kasia peke yake ana mkono mmoja wenye nguvu, na bila kitu cha kutazama mbele anazunguka tu. Nilijua nimezunguka nilipokutana na ganda la muwa nililokuwa nimelitupa mwenyewe.

Nikaacha kasia. Nikakaa. Kimya cha namna ile kina uzito, unasikia damu masikioni. Mara ya kwanza nikadhani nasikia jogoo, kisha nikawa na hakika nasikia ngoma, kumbe ni mtu anagonga dumu tupu la mafuta, mara tatu, ananyamaza, mara tatu tena. Mwaloni hufanya hivyo mitumbwi ikichelewa. Lakini weupe ule hucheza na sauti. Niliisikia mbele, halafu kulia, halafu nyuma. Kilichonipeleka nchi kavu ni pua. Kuna watu walikuwa wanabanika migebuka, na harufu ya mafuta ya mgebuka yakidondokea kaa la moto haina mfano wake. Ikipungua nageuza, ikizidi nakaza. Nilitokea mita mia hivi kutoka mahali nilipoanzia safari.

Baba mdogo ndiye aliyekuwa anagonga dumu. Hakunigombeza. Alinitazama nilivyolowa, akauliza kama nimeona kitu. Nikasema sikuona kitu. Akasema, "Basi angalau umeujua mmoja."

Kabla sijaingia studio jioni hii nimempigia. Shikamoo, marahaba, watoto hawajambo. Jana usiku mvua ya kwanza imenyesha Ikola, si kubwa, ya kulaza vumbi na kukata moshi. Nikamuuliza habari za ng'ambo.

"Inaonekana," akasema. "Hapa nilipo nahesabu makorongo yake."

Nikamsikia akiweka simu chini bila kuikata, na akianza kuhesabu.